Kibali cha Mvule wa Selina

Jumatatu, 6 Februari 1995

Ofisi imejaa tangu saa mbili. Barua ya mtoto aliyezaliwa nyumbani. Ugomvi wa mpaka. Mbuzi aliyekula sukuma wiki ya jirani. Mwalimu mkuu anataka niwalazimishe wazazi wabebe mchanga wa darasa jipya. Kana kwamba mimi nina kiboko.

Saa tano akaingia Selina na barua. Huyu ni mjane wa Nathani, aliyefariki Agosti iliyopita kwa presha. Fomu ya kifo niliijaza mimi mwenyewe, kama ninavyojaza zote za kata hii. Anataka kukata mvule ulio nyuma ya nyumba yake. Anasema mizizi imeingia chini ya nyumba na ukuta unapasuka.

Shamba ni lake. Mti ni wake. Lakini waraka uko pale ukutani: mti wa asili haukatwi hata kwenye boma la mtu mpaka naibu wa chifu, yaani mimi, "Asisti" kama wanavyoniita, akague, aandike sababu, kisha afisa wa misitu atie sahihi. Kwa hiyo mti ni wa Selina na kichwa kinachouma ni changu.

Nitaenda Alhamisi.

Alhamisi, 9 Februari

Baiskeli ina pancha. Nimetembea jua kali, vumbi mpaka kwenye meno. Nimepiga magoti kando ya nyumba ya Selina kama fundi wa mawe. Msingi ni mzima. Kuna ufa mmoja, mwembamba kama unywele, na uko upande wa mbele, mbali na mti.

Mvule wenyewe ni afya tupu. Umenyooka. Watu watatu wakishikana mikono ndio watauzunguka.

Nikamuuliza ni ukuta upi unaopasuka. Akanionyesha ufa ule ule. Hakuniangalia usoni.

Nimeandika: Hakuna sababu ya kutosha. Nimerudi na miguu inawaka.

Jumatatu, 13 Februari

Amerudi. Barua mpya, karatasi ya daftari la shule. Sasa si mizizi. Ni nyoka. Mti umejaa nyoka.

Nimemtuma liguru wetu, Mzee Tobias, ndiye mzee wa kijiji upande huo. Amekaa huko asubuhi yote akitazama juu. Ameona ndege na kima mmoja. Nyoka hakuna.

Alasiri akaja Hezron, mdogo wake marehemu Nathani, mzee wa kanisa. Hajakaa hata kwenye kiti. Anasema mti ule ulipandwa na baba yao, na shemeji yake hana ruhusa ya kuugusa. Nikamwambia shamba liligawanywa miaka mingi iliyopita, kipande kile kilikuwa cha Nathani na sasa ni cha mjane wake. Akasema, "Asisti, wewe ukitia sahihi utakuwa umeharibu boma letu." Akatoka. Maneno makubwa kwa ajili ya mti.

Nimeelewa basi. Ni yale yale. Mume akifa, shemeji huanza kuhesabu kila kitu kilichobaki. Nimeona maboma kumi ya namna hiyo.

Ijumaa, 17 Februari

Barua ya tatu. Radi! Eti radi itaupiga mti uangukie nyumba.

Hatujapata hata wingu tangu Desemba.

Nimekasirika vibaya. Nimemwambia mbele ya watu wote kwenye foleni kwamba ofisi hii si mahali pa mchezo, kwamba mtu mwenye sababu ya kweli anakuja na moja, si tatu. Watu wakacheka. Selina akakunja karatasi yake mara nne, akaitia kwenye leso, akatoka.

Beatrisi, mke wangu, ameshapata habari kabla sijafika nyumbani. Ananiambia nimemwaibisha mjane. Nimemwambia aje akae yeye kwenye kile kiti wiki moja.

Jumanne, 21 Februari

Nimeitwa mjini na bosi wa tarafa. Nimekaa kwenye benchi saa mbili nzima kusikia jambo la dakika tano. Mezani kwake kuna faili. Ndani, barua ya Hezron inayosema nimehongwa na Selina nimruhusu akate mti. Chini yake, barua ya Selina inayosema nimehongwa na Hezron nimkatalie.

Hakuna aliyenipa hata yai.

Bosi amesema anataka uamuzi kabla ya tarehe kumi Machi. Sababu moja, imeandikwa, inayosomeka. Akauliza ninashindwaje na mti mmoja. Nikasema ndiyo mkubwa. Sijui nilikuwa ninakubali nini.

Alhamisi, 23 Februari

Afisa wa misitu amefika na pikipiki yake. Kijana wa heshima, lakini anaupenda mti kuliko watu. Ameuzunguka, ameupima kwa kamba, ameupapasa kama ng'ombe wa maziwa. Anasema hajaona mvule kama ule upande wote huu wa Kakamega. Hatatia sahihi ukatwe ukiwa mzima. Uwe umekufa, au uwe hatari, basi.

Wakati wa kuwasha pikipiki akaniambia, kama mzaha, kwamba siku ukianguka wenyewe nimkumbuke na mbao mbili tatu.

Selina alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza. Alipoambiwa hapana, aliingia ndani akafunga mlango. Mchana!

Jumapili, 26 Februari

Kanisani Hezron ndiye aliyeongoza maombi. Ameombea mvua, wagonjwa, wanafunzi, kisha akawaombea "wale wenye kalamu mkononi wasije wakakata kile baba zetu walichotuachia." Akafungua jicho moja kunitafuta. Nililiona, kwa sababu langu pia lilikuwa wazi.

Beatrisi alinipiga kiwiko.

Nimechoka na hawa watu. Nimechoka na mvule. Sikuomba kazi ya kuamua ni nani akae na kivuli.

Jumanne, 28 Februari

Nimeitisha kikao nyumbani kwa Selina. Watu arobaini hivi, wengi wamekuja kuona vita. Nimesema wazi: leo nataka sababu moja. Si mizizi, si nyoka, si radi. Moja.

Selina akasimama. Kisha akasema, "Nautaka utoke tu."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nusura nitupe faili chini. Nikamwambia serikali haiandiki hivyo. Akafungua tena kinywa na hapo hapo Hezron akaruka juu, akaanza kusema kwa sauti habari za baba yao, na jasho likimtoka. Mpaka nikamwamuru akae.

Kuna kitu hapo. Mtu anayegombea mali huwa na hasira. Hezron hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa. Kila mara shemeji yake alipofungua mdomo, yule bwana alikuwa anaogopa.

Nimeahirisha kikao. Watu wamenung'unika kama waliokatiziwa mpira.

Alhamisi, 2 Machi

Siku mbaya. Naandika pole pole.

Asubuhi Mzee Tobias alikuja mbio. Jana watu wakiwa sokoni, na leo tangu kupambazuka, Selina ameuvamia mti kwa panga na shoka. Nikaenda huku ninatukana moyoni, ninapanga maneno ya kumpeleka kituoni. Ni kosa, na ni kosa alilolifanya mbele ya uso wangu.

Nimemkuta amekaa chini. Ameubandua gome mzunguko mzima, upana wa mkono, mpaka kwenye mti mweupe. Viganja vyake vina damu. Nilimfokea. Nikamuuliza kama anajua nitamfunga.

Akasema, "Nifunge. Lakini utakauka."

Nikamwomba Mzee Tobias atuachie nafasi. Akaenda mpaka barabarani bila kuuliza. Nikakaa chini, na suruali ya kazi, kwenye maganda. Nikamwambia, "Mama Loice, mimi si adui yako. Niambie."

Akaniambia, akitazama shoka.

Nathani hakufa kwa presha. Alijinyonga. Kwenye mti huu. Yeye Selina ndiye aliyemwona kwanza, alfajiri akienda kuchota maji. Alimwita Hezron, wakamteremsha wawili wao, wakamlaza kitandani, wakamfunika. Kulipokucha wakalia, wakasema presha. Loice, binti yao, alikuwa chuoni Sigalagala. Mpaka leo hajui.

"Kila siku nikifungua mlango wa jikoni, ndiye huyu," akasema. "Na nyinyi mnaniuliza mizizi."

Nami nilikuwa nimemfanya kichekesho mbele ya foleni.

Kwetu mti wa namna hiyo hauachwi. Unakatwa, unachomwa wote, hata kijiti kisibaki, na mbao yake haiingii nyumba ya mtu yeyote. Usipofanya hivyo, wazee husema, jambo hilo huwafuata watoto. Mimi ni mtu wa kanisa na sijui kama naamini. Selina anaamini. Amelala miezi sita na mti huo nyuma ya ukuta wake.

Sitaandika zaidi leo. Daftari hili litakaa kwenye sanduku la kufuli.

Ijumaa, 3 Machi

Nimeenda kwa Hezron. Nilimkuta anapalilia migomba. Nikamwambia ninajua. Jembe likamdondoka. Mzee wa kanisa mzima alilia kama mtoto, na mimi nimesimama pale nimeshika kofia.

Alimpenda ndugu yake. Ndiye aliyesema mbele ya kanisa kwamba ni presha, ili Nathani azikwe kwa nyimbo na maombi kama mtu yeyote. Lakini si hilo tu. Wakwe wanakuja baada ya Pasaka kumposa Loice. Watu wa Navakholo, wanaulizauliza sana. Kila mtu hapa anajua maana ya kukata mti mzima na kuuchoma shambani. Moshi wenyewe ungetangaza. Posa ingekufa siku hiyo hiyo, na msichana angebaki na jina hilo maisha yake yote.

Basi ndivyo ilivyo. Selina anataka mti utoke kabla ya wakwe kufika, kwa ajili ya Loice. Hezron anataka mti ubaki mpaka wakwe waende, kwa ajili ya Loice. Hawajawahi kukaa chini kuzungumza tangu Agosti. Wanaandikiana kupitia kwangu.

Ningewapiga wote wawili makofi. Nilikaa na Hezron mpaka alipomaliza kulia.

Jumatatu, 6 Machi

Sina usingizi wala hamu ya chakula.

Nikiandika ukweli, karani wa bosi atausoma kabla ya bosi, na mpaka jioni utakuwa umefika Mumias. Pia wataniuliza fomu ya kifo ilijazwaje. Mimi ndiye niliyeandika presha. Niliandika nilichoambiwa, lakini sahihi ni yangu.

Nikimkatalia, nimemfungia na mti aliojinyongea mumewe.

Nikimruhusu bila sababu, watasema nimekula.

Beatrisi ananiuliza nina nini. Nimesema tumbo. Amenipikia uji.

Jumatano, 8 Machi

Leo nimepata usingizi wa mchana kidogo na nikaamka na akili.

Mti uliobanduliwa gome mzunguko mzima hauponi. Utakauka, matawi yataanza kudondoka, na njia ya kwenda kwenye chemichemi inapita chini yake. Huo si uongo. Nimemwita tena afisa wa misitu. Alipouona alishika kichwa kama aliyefiwa. "Nani amefanya hivi?"

Nikamwangalia Mzee Tobias. Yule ndiye aliyemwona kwa macho yake, shoka mkononi. Mzee akajikuna shingo, akamwambia afisa kwa heshima, "Mimi sikuona mtu, Omwami. Siku ya soko huwanga hakuna mtu huku."

Nimekaa nikimfikiria mzee huyo. Hajaniuliza swali hata moja tangu Februari. Labda hakuwa na haja ya kuuliza.

Basi nimeandika: Mti umeharibiwa na watu wasiojulikana. Sasa ni hatari kwa njia ya maji. Uondolewe wote pamoja na kisiki. Afisa ametia sahihi kwa uchungu. Agosti sahihi yangu ilidanganya bila mimi kujua. Leo ninajua.

Ijumaa, 10 Machi

Bosi amesoma, amegonga muhuri, hakuinua hata macho. Wiki tano za maisha yangu, na muhuri mmoja, pu!

Imebaki mbao. Hapo ndipo nilipoona kwamba nimefikiria nusu tu. Watu wanataka mbao. Afisa wa misitu anataka mbao. Fundi seremala amekuja kwangu asubuhi na mapema kuulizia. Mvule! Milango ya kurithiwa na wajukuu. Na hakuna hata ubao mmoja unaoweza kuingia nyumba ya mtu.

Halafu mwalimu mkuu akaja kulia tena habari za darasa lake. Matofali yamefyatuliwa, yamepangwa tanuri, kuni hamna, na mvua ikija yatayeyuka yote yarudi kuwa matope.

Nikamwambia kuni zipo.

Jumanne, 14 Machi

Umeanguka saa nne asubuhi. Msumeno wa injini umetoka mjini na umezimika mara sita. Ardhi ilitikisika mpaka kuku wakaruka.

Nimetangaza papo hapo: kwa vile aliyeuharibu hajulikani, na ili kusiwe na ugomvi katika boma hili, mti wote unakwenda kwenye tanuri la shule. Shina, matawi, mizizi. Yote. Kelele iliyotokea sijawahi kuisikia. Fundi seremala alinishika mkono akinisihi. Afisa wa misitu aliniuliza kama ninaumwa. Mama mmoja alisema kwa sauti, nisikie, "Huyu mtu hana akili. Mvule uchome matofali?"

Nikasema amri ni amri.

Wakati huo wote Hezron alikuwa ameshavua shati. Alichukua shoka bila kuambiwa, akaanza kupasua. Selina akatoka jikoni na maji ya kunywa, akampa. Akanywa. Ni mara ya kwanza nawaona karibu hivyo.

Alhamisi, 23 Machi

Siku ya tatu tanuri linawaka. Mvule mbichi unafuka moshi mbaya, macho ya kijiji kizima mekundu, na kila anayekohoa anataja jina langu. Vijana sokoni wananiita Bwana Matofali. Chifu amenitania mbele ya wenzangu mkutanoni. Hata Beatrisi, mke wangu wa ndoa, amesema angalau ningemletea kabati.

Wameng'oa mpaka kisiki. Hezron na Selina walikichimba siku mbili, mwisho kikavutwa kwa ng'ombe. Nilikwenda jioni kabla ya giza nikahesabu vipande vikiingia motoni. Nimeokota vijiti njiani kwa mkono wangu, na kofia ya serikali kichwani, nikavitupa ndani. Mwalimu mkuu alinitazama akafikiri nimerukwa na akili. Afikiri tu.

Mvua imenyesha leo alasiri, tanuri likiwa limeshafunikwa. Matofali yako salama.

Jumanne, 25 Aprili

Kazi nyingi tangu Pasaka. Naandika ya Jumamosi.

Wakwe walikuja, watu kumi na wawili, suti na kofia. Nilialikwa nikae na wazee wa boma, na Beatrisi akawasaidia wanawake kupakua. Loice alipita na maji ya kunawa, mrefu kama baba yake. Mazungumzo yalikwenda vizuri.

Wakati wa kula, mzee mmoja wa Navakholo akatazama kupitia dirisha la nyuma, akasema boma lina mwanga sana upande ule, je, hapakuwa na mti? Kijiko changu kilisimama. Selina alikuwa mlangoni na sinia.

Mzee Tobias akajibu. Akawaeleza habari yote: mvule mkubwa, watu wasiojulikana, na naibu wa chifu aliyeamuru mbao bora kuliko zote za wilaya zichome matofali. Akaieleza vizuri, na sauti yangu akaiiga. Amri ni amri! Wageni walicheka mpaka mmoja akapaliwa na obusuma, ugali wetu. Wakanitazama kwa huruma. Nami nikacheka. Hakuna aliyerudi kwenye dirisha.

Kuku alipoletwa, sahani ya Hezron ndiyo iliyowekwa firigisi, yaani imondo, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa boma sasa. Haipewi mtu mwingine. Aliichukua kwa vidole, akaiweka kwenye sahani yangu, akaendelea kuongea na wakwe bila kunitazama.

Nikaila.

Njiani Beatrisi ameniuliza kwa nini Hezron amenipa imondo yake. Nimemwambia labda alikuwa ameshiba.